Shingo imekaza, mwili umechoka: je, kairopraktiki ya upole itanisaidia?

"Daktari, nina miaka 39, ni fundi cherehani. Zaidi ya mwaka sasa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Shingo na mabega yamekaza kama mbao, na ikifika saa nane mchana mikono inakuwa mizito, hata kushika mkasi naona kazi. Nikikandwa napata nafuu siku mbili, kisha narudi palepale. Nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila siku. Nimepimwa wingi wa damu na sukari, nikaambiwa niko sawa. Shoga yangu anasema pingili za shingo zimehama na zinabana neva, ndiyo maana nguvu hazifiki mwilini, na kwamba mtu wa kairopraktiki atazirudisha mahali pake. Lakini nimeona video za watu wakizungushwa shingo mpaka inalia, na kusema kweli naogopa. Nasikia wapo wanaofanya taratibu. Je, tiba hiyo itaniondolea uchovu, au nitatupa pesa?"

Pole sana, dada yangu. Uchovu wa kuamka nao asubuhi hauonekani kwa macho, na mara nyingi mwenye nao huishia kuitwa mvivu na watu wa nyumbani kwake. Wewe si mvivu. Mimi mwenyewe nafanya tiba hii ya kairopraktiki, yaani kutibu uti wa mgongo na viungo kwa mikono, kwa hiyo una haki ya kuniuliza kama navutia kwangu. Nitakujibu wazi.

Kwa kifupi: tiba ya mikono ya upole inaweza kukupunguzia maumivu na kuifanya shingo yako igeuke kwa urahisi zaidi. Uchovu haiugusi moja kwa moja. Uchovu utapungua kwa kiasi kile tu ambacho ulikuwa unaletwa na maumivu, usingizi mbovu na misuli isiyopata nafasi ya kulegea. Kwa maelezo yako, naona sehemu kubwa inaweza kuwa inatoka huko. Lakini vipimo viwili ulivyofanya havitoshi kunifanya niseme ni yote, na hilo nitalirudia chini kwa sababu ni la muhimu kuliko tiba yangu.

Tuanze na pingili zilizohama. Shoga yako hakulitunga jambo hilo. Kairopraktiki ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, na tangu mwanzo ilijengwa juu ya wazo hilohilo: kwamba pingili ikitoka kidogo mahali pake hubana neva, neva ikibanwa mwili hukosa nguvu zake, na hapo ndipo magonjwa yanapoanzia. Wazo hilo limerithishwa kizazi hadi kizazi, na wapo wanaoliuza mpaka leo. Ila mwaka 2010 baraza linalosimamia taaluma hii Uingereza, General Chiropractic Council, lilitamka kwamba hilo ni wazo la kihistoria, na kwamba hakuna ushahidi wa utafiti unaomruhusu mtu kudai kuwa ndilo chanzo cha ugonjwa. Mimi nasimama hapo. Pingili saba za shingo yako zimefungwa kwa kano ngumu, diski na misuli tabaka kwa tabaka. Hazitoki mahali pake kwa kuinamia kitambaa. Neva inaweza kubanwa kweli, lakini ikibanwa hutoa dalili zake: maumivu yanayoshuka mkononi kwa mstari, ganzi ya vidole fulani, mkono mmoja kupungua nguvu. Uchovu wa mwili mzima si mojawapo.

Na ule mlio unaokutisha kwenye video si wa mfupa kurudi mahali pake. Kiungo kina majimaji ndani yake, na majimaji hayo yana gesi iliyoyeyuka. Kiungo kikivutwa ghafla, shinikizo la ndani hushuka, pengo la gesi hutokea, na sauti huja. Ni mlio uleule wa kualisha vidole, na ndiyo sababu ukishakialisha kimoja, inabidi ungoje dakika ishirini hivi kabla hakijalia tena. Mlio si kipimo cha kupona. Tiba inaweza kufaulu bila mlio wowote.

Sasa tuje kwenye uchovu wenyewe. Hapo ulipokaa, nyoosha mkono wako wa kulia mbele, usawa wa bega, bila kushika kitu, uuache hewani. Nusu dakika ya kwanza husikii lolote. Ikifika dakika ya pili bega linaanza kuwaka moto, na muda si mrefu unajikuta umepandisha bega sikioni ili kuusaidia mkono. Hujabeba mzigo, ni mkono wako mtupu, wenye uzito wa kilo tatu hivi. Na bado mtu huyohuyo anaweza kutembea saa nzima, akibeba mwili wake wote, miguu isiwake hivyo. Tofauti ni kwamba misuli ya miguu hukaza na kulegea, hukaza na kulegea, na kila inapolegea damu huingia. Msuli uliokazwa bila kuachiwa huminya mishipa midogo ya damu inayopita ndani yake, kwa hiyo damu hupungua pale inapohitajika zaidi.

Angalia basi unavyokaa kwenye cherehani. Kichwa, ambacho kina uzito wa kilo nne na nusu hadi tano, kimetangulia mbele ya mabega. Macho yanafuata sindano, mikono yote miwili imeelea ikiongoza kitambaa, na mabega yamepanda kidogo bila wewe kujua. Hakuna kitu kizito hapo. Lakini misuli ya kisogo na ile inayotoka shingoni kwenda begani inafanya kazi ndogo isiyokoma. Mwili una utaratibu wake wa kuitisha nyuzi za msuli: nyuzi ndogo huitwa kwanza na huachiwa mwisho, kubwa huja tu kazi ikiwa nzito. Kwa kazi nyepesi ya muda wa saa nane, ni nyuzi zilezile ndogo zinazotumika tangu asubuhi hadi jioni. Watafiti wa afya kazini waliziita nyuzi za Cinderella, yule binti wa hadithi aliyekuwa wa kwanza kuamka na wa mwisho kulala.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wagonjwa wangu wengi. Sisi hudhani kukaza ndiko kunakokula nguvu, na kulegea ni kuacha tu. Sivyo. Ndani ya uzi wa msuli, kulegea nako kunahitaji nishati: vishikizo vya protini vinavyovutana lazima vipate nishati ndipo viachiane, na kalsiamu iliyoanzisha mkazo lazima isukumwe kurudi kwenye ghala lake. Ndiyo maana maiti hukakamaa. Haikakamai kwa sababu misuli imepata nguvu, bali kwa sababu nishati imekwisha na hakuna cha kuiachanisha. Katika mwili ulio hai hali haifiki huko. Lakini kumbuka jambo hili kila unapoambiwa "jilegeze tu, mbona unajikaza". Msuli uliochoka na kukosa damu hauwezi kulegea kwa amri.

Baada ya miezi, ubongo nao unaingia. Maumivu yanakuamsha usiku, au yanakufanya ulale usingizi mwepesi usiofika chini. Usingizi mbovu nao hufanya mwili usikie maumivu zaidi kesho yake, na mtu akisikia maumivu hujikaza. Pia hupumua juujuu, akitumia misuli ya shingo kuinua mbavu, wakati misuli hiyohiyo ndiyo imechoka. Na hapa niseme jambo ambalo wataalamu wa mikono hatulisemi vya kutosha: ile hali ya kusikia kama mbao haina maana kwamba msuli umefupika au umekuwa mgumu kweli. Wakati mwingine nagusa bega ambalo mwenyewe analisikia kama jiwe, na chini ya kidole changu ni laini kama la mtu mwingine yeyote. Anachokisikia si uongo. Ni mfumo wa neva unaolinda mahali ambapo umezoea kupata adha. Kwa hiyo kukandwa kwa nguvu mpaka machozi yatoke si lazima kukusaidie, na kunaweza kuufanya mfumo huo uzidi kujilinda.

Hapo ndipo upole unapopata kazi yake. Kairopraktiki ya upole ni mkusanyiko wa mbinu zisizotumia ule msukumo wa ghafla. Tabibu anaweza kukisogeza kiungo cha shingo polepole, mbele na nyuma, ndani ya mwendo wake wa kawaida. Anaweza kutumia kifaa kidogo cha springi kinachogonga kidogo sana pembeni mwa pingili, au meza yenye sehemu inayoshuka kidogo ili mikono isitumie nguvu. Anaweza kubonyeza fundo la msuli kwa kidole gumba na kutulia hapo, nusu dakika hadi dakika moja na nusu, mpaka maumivu yapungue yenyewe.

Ninayoipenda mimi ni hii, nawe unaweza kuijua kabla hujaenda. Unalala chali, kichwa chako kiko mikononi mwangu. Nakigeuza kushoto mpaka nisikie mahali pa kwanza panapogoma, nasimama hapo, sipiti. Nakwambia usukume kichwa kurudi kulia dhidi ya kiganja changu, kwa nguvu kidogo tu, kama unayesukuma pazia. Tunahesabu sekunde sita. Kisha unatoa pumzi ndefu na kuacha. Katika ile pumzi, kichwa hujiendea chenyewe kushoto kidogo, bila mimi kukivuta. Tunarudia mara tatu au nne. Wapo wanaosinzia mezani. Kilichotokea si mfupa kurudi. Ni mfumo wa neva umeruhusu mwendo ambao ulikuwa umeuzuia.

Je, kuna ushahidi? Kwa maumivu ya shingo na mgongo, upo wa kiasi. Tafiti zilizolinganisha msukumo wa ghafla na kusogeza polepole kwa maumivu ya shingo zimeonyesha matokeo yanayokaribiana, kwa hiyo ukichagua upole hukosi kitu kikubwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, limeitaja tiba ya mikono ya uti wa mgongo kama mojawapo ya njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na kukandwa. Kwa uchovu peke yake, ushahidi ni dhaifu, na mtu akikuahidi kuwa atakuondolea uchovu kwa kugusa uti wa mgongo, anaahidi asichokuwa nacho. Nikueleze pia kwamba mtaalamu mzuri wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, anaweza kukufanyia karibu yote niliyoyataja. Ukimpata huyo karibu na kwa gharama unayoiweza, usijione umekosa.

Nafuu inayotokana na mikono, yangu au ya mkandaji wako, ni ya muda. Ndiyo maana unarudi palepale baada ya siku mbili: unarudi kwenye kiti kilekile, urefu uleule wa meza, saa zilezile. Mimi huiona kama dirisha limefunguliwa. Siku hizo mbili ambazo shingo imelegea ndizo siku za kufanya mambo ambayo ukiwa umekaza huyawezi.

La kwanza ni mazoezi ya nguvu. Najua inasikika vibaya kumwambia mtu aliyechoka afanye mazoezi. Lakini misuli yako imechoka kwa kushikilia. Kazi ya kukaza na kulegea ni chakula kwake. Mwaka 2011 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya wafanyakazi wenye maumivu ya shingo na mabega waliofanya zoezi moja la kuinua mikono pembeni kwa kuvuta utepe wa mpira, siku tano kwa wiki, kwa wiki kumi. Kundi moja lilifanya dakika 12 kwa siku, jingine dakika 2 tu. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na la dakika mbili halikuachwa mbali. Anza na dakika mbili, bila mpira kabisa wiki ya kwanza. Maumivu kidogo ya misuli kesho yake ni kawaida. Ukianguka kitandani siku nzima si kawaida, na hilo nitalieleza.

La pili ni cherehani. Pandisha meza au shusha kiti mpaka viwiko vyako vikae usawa wa meza, mabega yakiwa yameanguka. Sogeza taa ili usilazimike kuinama kuiona sindano. Kila ukimaliza mshono mmoja mrefu, ondoa mikono kabisa, iweke mapajani, toa pumzi mbili ndefu, ndipo uendelee. Sekunde kumi. Ni kidogo kiasi kwamba utaona haya kuiita mapumziko, lakini ndiyo nafasi ya damu kuingia.

Sasa ule uchovu wako, tuutafute na kwingine. Wingi wa damu ukiwa sawa, akiba ya madini ya chuma bado inaweza kuwa imeisha, hasa kwa mwanamke anayetokwa na damu nyingi mwezini; omba kipimo cha feritini. Omba kipimo cha tezi ya shingo, thairoidi, kwa sababu ikifanya kazi polepole huleta haya yote mawili: uchovu na misuli kuuma. Vitamini B12 na D, figo, ini, na kipimo cha kuonyesha kama kuna inflamesheni, yaani mwili kujihami kwa kuvimba na kupata joto ndani, vyote daktari anaweza kuviangalia kwa mkupuo mmoja. Mwambie dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli huumiza misuli. Muulize anayelala karibu nawe kama unakoroma na kukatika pumzi usiku. Na jiulize mwenyewe, kwa ukweli, kama mambo yaliyokuwa yakikufurahisha bado yanakufurahisha. Sonona huja ikiwa imevaa uchovu na mabega yaliyokaza, na inatibika.

Kuna ugonjwa mmoja ambao ushauri wangu wa mazoezi unaweza kuudhuru. Kama kazi ndogo tu inakuangusha kesho yake au keshokutwa, kwa siku kadhaa, na umekuwa hivyo kwa miezi, huenda ni ugonjwa wa uchovu sugu. Huo hauendeshwi kwa kujilazimisha. Acha mazoezi, mweleze daktari hivyohivyo nilivyoandika.

Diklofenaki nayo, dada yangu, tafadhali. Kuimeza karibu kila siku kwa mwaka kunaweza kuchimba vidonda vya tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwambie daktari muda uliotumia, akupime shinikizo na figo, mpange jinsi ya kuiacha.

Kuhusu hofu yako ya kuzungushwa shingo, usiione ni ujinga. Baada ya tiba ya mikono, karibu nusu ya watu hupata maumivu madogo, kichwa kuuma au uchovu wa siku moja au mbili, kisha hupita. Lakini limeripotiwa pia, kwa nadra sana, tukio la kuchanika kwa mshipa wa damu wa shingo na kupata kiharusi baada ya shingo kusukumwa ghafla. Wataalamu wanabishana kama tiba ndiyo husababisha, au mtu alikwenda tayari mshipa ukiwa na tatizo na shingo ikimuuma kwa sababu hiyo. Kwa mtu ambaye tatizo lake ni uchovu na misuli, mimi sioni sababu ya kuichukua hatari hiyo hata ikiwa ndogo. Una haki ya kusema, "Sitaki shingo yangu izungushwe kwa ghafla," na tabibu mzuri ataliandika kwenye faili lako na kuendelea na njia nyingine.

Usiende kwa mtu wa mikono kabisa kabla ya kuonana na daktari kama una homa, unapungua uzito bila sababu, unatoka jasho usiku, umewahi kuwa na saratani, una mifupa dhaifu, una baridi yabisi ya viungo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata maumivu ya kichwa au shingo ya ghafla ambayo hujawahi kuyapata, ukiona vitu viwiliviwili, ulimi ukiwa mzito, uso au mkono ukilegea upande mmoja, miguu ikikosa nguvu, ganzi ikiingia sehemu za siri, au ukishindwa kuzuia mkojo.

Ukiamua kwenda, uliza amesomea wapi na ana leseni gani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataka mtu wa kairopraktiki awe amepata saa zisizopungua 4,200 za mafunzo, 1,000 kati ya hizo akiwa na wagonjwa chini ya usimamizi. Semina ya wiki mbili haitoshi. Siku ya kwanza akuulize maswali mengi kuliko atakavyokugusa. Akikuonyesha picha ya eksirei na kukutisha kuwa uti wako "umeharibika", au akikutaka ulipie vipindi arobaini kwa mkupuo, shukuru, chukua mkoba wako, uondoke.

Kubalianeni vipindi vinne hadi sita ndani ya mwezi mmoja. Kabla ya kuanza, andika kwenye daftari lako la vipimo vya wateja mambo matatu: umeamka mara ngapi usiku, mikono imeanza kuwa mizito saa ngapi, na umemeza vidonge vingapi. Andika kila siku. Mwisho wa mwezi, kama ile saa nane imesogea hadi saa kumi, endelea na mazoezi na punguza kwenda kwa tabibu. Kama haijasogea hata kidogo, acha tiba hiyo, hata kama tabibu ni mtu mwema na unampenda, urudi kwa daktari na daftari lako mkononi.